Kioo, udongo au plastiki: kuchagua chombo cha kupashia chakula kwenye maikrowevu

Watu wengi wanaofanya kazi katika Mji wa Serikali wa Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya jiji la Dodoma, huondoka nyumbani asubuhi na mapema wakiwa na chakula cha mchana kwenye mkoba. Ikifika saa saba, wali na maharage ya jana husubiri zamu mbele ya maikrowevu moja inayotumiwa na ofisi nzima, na kila mtu huja na chombo chake: bakuli la kioo lenye kifuniko cha kubana, sahani ya udongo iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kopo la plastiki ambalo zamani lilikuwa na aiskrimu, na wakati mwingine bakuli la bati. Mashine ni moja na muda unaowekwa ni uleule, dakika mbili au tatu, lakini mmoja hutoa chakula cha moto ndani ya chombo kinachoshikika, na mwingine hutoa chakula cha uvuguvugu ndani ya chombo kinachounguza vidole.

Tofauti hiyo haitokani na mashine. Inatokana na kile ambacho chombo kimetengenezwa nacho, na ndiyo maana mtu anayesita kati ya mabakuli matatu katika duka la vyombo karibu na Soko la Majengo anastahili kupewa maelezo yanayozidi bei na rangi. Ulinganisho huu unahusu vyombo vitatu vinavyochaguliwa zaidi, yaani kioo, udongo na plastiki, kisha unagusa melamini, bati na hotipoti, kwa sababu navyo vimo majumbani mwetu na makosa mengi hutokea kwavyo.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni namna chombo kinavyoyapokea mawimbi. Maikrowevu hutoa mawimbi ya masafa ya megahezi 2,450, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, kutoka katika magnetroni, kifaa kilichoendelezwa kwa ajili ya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon ya Marekani aliomba hataza ya kupikia chakula kwa mawimbi hayo. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, hivyo hugeukageuka kufuata mawimbi yanayobadili mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde, na msukosuko huo ndio unaogeuka kuwa joto. Chombo chenyewe hufanya moja kati ya mambo matatu: huyapitisha mawimbi yakafika kwenye chakula, huyanyonya kikapata moto chenyewe, au huyarudisha yalikotoka. Chombo kizuri ni kile kinachopitisha, kikapata joto kwa kuguswa na chakula tu.

Cha pili ni uwezo wa kuvumilia joto na mabadiliko yake ya ghafla. Hapa Dodoma, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo chombo chenye supu au mlenda hakitapanda sana juu ya kiwango hicho maadamu maji bado yamo. Mafuta na sukari havina breki hiyo. Nyama iliyokaangwa, mchuzi ulioelea mafuta na karanga zilizosagwa huweza kupita nyuzi 100 kwa urahisi, na hapo ndipo udhaifu wa chombo unapojitokeza.

Cha tatu ni kama kuna kitu kinachotoka kwenye chombo na kuingia kwenye chakula. Cha nne ni safari, kwa maana ya uzito, kuvunjika na kumwagika ndani ya daladala au mgongoni mwa mtu aliyepanda bodaboda. Cha tano ni gharama ukihesabu miaka ambayo chombo kitadumu, siyo siku ya kununua peke yake.

Kioo

Kioo kikavu na kisicho na mapambo ya madini hupitisha mawimbi vizuri. Ukitoa bakuli la kioo baada ya dakika mbili, ukingo usioguswa na chakula huwa na joto la kawaida ilhali sehemu iliyobeba wali ina moto, na hiyo ni dalili kwamba moto umetoka kwenye chakula kwenda kwenye chombo. Kwa kigezo hiki kioo kina sifa ambayo vyombo vingine hulinganishwa nayo.

Kwenye kigezo cha pili inabidi mnunuzi ajue kwamba vioo haviko sawa. Kioo cha kawaida, kile cha glasi za maji na chupa, hutanuka kwa kiasi kikubwa kinapopata joto. Kioo cha borosilikati, kilichobuniwa na Otto Schott huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, hutanuka takribani theluthi moja tu ya hapo. Kioo hupasuka pale sehemu moja inapotanuka haraka kuliko nyingine, na ndiyo maana bakuli la kioo cha kawaida likitoka kwenye friza na kuingia moja kwa moja kwenye maikrowevu huwa hatarini. Barafu huyanyonya mawimbi haya kidogo sana ukilinganisha na maji, hivyo mchuzi ulioganda huanza kuyeyuka pembeni, pale palipoyeyuka hupata moto mkali na kuanza kuchemka, na katikati hubaki jiwe. Bakuli linakuwa na moto upande mmoja na baridi kali upande mwingine. Niliwahi kushuhudia bakuli la namna hiyo likipasuka mikononi mwa mfanyakazi mwenzangu, wakati analiweka juu ya kaunta ya vigae iliyokuwa na maji, na tangu siku hiyo siwezi kulizungumzia jambo hili kwa wepesi. Mabakuli mengi yaliyoko madukani ni ya kioo cha kawaida kilichoimarishwa kwa joto: hayavunjiki ovyo, lakini yakivunjika husambaratika vipande vidogo vidogo kwa mara moja. Ukiliona neno la borosilikati chini ya bakuli, umepata chombo kinachovumilia zaidi mabadiliko ya joto, ingawa nacho hakipendi kutoka kwenye barafu kwenda kwenye moto.

Kuhusu kuingia kwa kitu kwenye chakula, kioo hakina hoja ya kujibu. Hakishiki harufu ya samaki wala rangi ya nyanya. Kwenye safari ndipo kinapolemea: ni kizito, na mtu anayepanda magari mawili kufika kazini atausikia uzito huo kila siku. Kifuniko chake kwa kawaida ni cha plastiki chenye mpira wa kuzuia mchuzi. Kifuniko hicho hufunguliwa vibano vyote na kulegezwa kabla ya kupasha, kwa sababu mvuke usipopata pa kutokea hukirusha. Bei ya kununulia huwa juu ya ile ya plastiki, lakini bakuli lililotunzwa hudumu miaka mingi bila kubadilika, na mwenye subira ya kulibeba ataona faida yake.

Kioo kipya na laini kina tabia moja zaidi inayohusu wapenda chai. Maji yaliyopashwa ndani ya kikombe laini kabisa huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakafoka ghafla unapotia majani ya chai au kijiko. Kijiti cha mti kikiwekwa ndani kabla ya kupasha huyapa mapovu mahali pa kuanzia.

Udongo

Kwa neno udongo watu wa maduka ya vyombo humaanisha sahani, vikombe na mabakuli yaliyopakwa rangi inayong'aa na kuchomwa kwenye moto mkali, tofauti na chungu cha kufinyanga. Vyombo hivi vikiwa vimechomwa vizuri na rangi yake haina nyufa, hupitisha mawimbi karibu sawa na kioo. Tatizo ni kwamba vinatofautiana mno. Sahani moja hutoka ikiwa imepoa, ya pili iliyonunuliwa duka lilelile hutoka ikiunguza ilhali wali juu yake ni wa uvuguvugu. Mara nyingi sababu ni maji. Kile kiduara cha chini kisicho na rangi, au ufa mwembamba kama unywele, huruhusu maji ya kuoshea kupenya ndani ya udongo, na mawimbi huyapasha moto maji hayo kama yanavyoupasha moto mchuzi.

Kwa kuwa alama chini ya sahani mara nyingi haipo au imefutika, njia ya kupima nyumbani ndiyo yenye kutegemewa. Weka sahani tupu ndani ya maikrowevu, weka kikombe chenye maji ya baridi juu yake au kando yake, kisha washa kwa dakika moja. Maji yakipata moto na sahani ikabaki baridi, sahani inafaa. Sahani ikipata moto na maji yakabaki baridi, sahani inanyonya mawimbi na haifai. Kikombe cha maji hakiachwi kamwe katika jaribio hili, kwa sababu mashine inayowashwa bila kitu cha kupokea mawimbi huyarudisha kwenye magnetroni yake yenyewe na inaweza kuharibika.

Sahani zenye mstari wa dhahabu au fedha ukingoni ziondolewe kabisa katika hesabu hii. Mstari huo ni madini halisi yaliyopakwa kwa unene mdogo sana. Mawimbi huendesha umeme ndani yake, mstari hupata moto, hukatikakatika, na cheche huruka pale ulipokatika. Seti nyingi za zawadi za harusi ni za namna hii, na ni afadhali zibaki kabatini kwa ajili ya wageni.

Kwa mabadiliko ya joto, sahani nzito ya udongo huvumilia vya kutosha kwenye matumizi ya kila siku, ila isitolewe kwenye friza na kupashwa hapo hapo. Kuhusu usalama wa chakula, rangi ya vyombo vya kisasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kulia haina shida. Vya mapambo, au vya zamani vyenye rangi kali ambavyo havikukusudiwa kwa chakula, vinaweza kuwa na madini ya risasi kwenye rangi yake, na vyakula vichachu kama nyanya na ndimu huitoa kwa urahisi zaidi. Kwenye safari udongo ni mzito kama kioo na kwa kawaida hauna kifuniko cha kubana, kwa hiyo mahali pake hasa ni nyumbani, au ofisini kwa mtu anayeacha sahani yake kwenye droo na kuhamishia chakula humo wakati wa kula. Bei yake ni ya kati, na sahani moja moja hupatikana bila kulazimika kununua seti.

Chungu cha kufinyanga, kile ambacho nyumba nyingi za Ugogoni zimepikia mlenda na maharage kwa vizazi, kinahitaji kutetewa na kuonywa kwa pamoja. Juu ya mafiga ni chombo bora kwa sababu kuta zake zenye vitundu hushika unyevu na kugawa joto polepole. Sifa hiyohiyo hukiponza ndani ya maikrowevu: maji yaliyo ndani ya kuta hugeuka mvuke, chungu hupata moto kuliko chakula, na kinaweza kupasuka. Vibuyu na mabakuli ya mbao nayo hukaushwa unyevu wake na kupata nyufa. Vyombo hivi viachwe kwenye kazi vinazozijua.

Plastiki

Hapa pana maelezo mengi zaidi, kwa kuwa plastiki ni jina la vitu vingi visivyofanana. Pembetatu yenye namba iliyopigwa chini ya kopo hutaja aina ya plastiki, na haikutungwa kuwa cheti cha maikrowevu. Namba 5 ni polipropilini, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160 na hupitisha mawimbi vizuri. Mabakuli mengi ya kubebea chakula yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupashiwa ni ya aina hii. Namba 1, ya chupa za maji na soda, huanza kulegea kati ya nyuzi 70 na 80. Namba 6 ni polistirini, ikiwemo ile nyeupe nyepesi yenye hewa ya kufungia chipsi na nyama choma, ambayo hulegea karibu na nyuzi 100. Namba 7 ni kapu la aina nyingine zote, ikiwemo polikaboneti ambayo hutengenezwa kwa kemikali ya bisfenoli A. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Kwa hiyo anayenunua aangalie mambo mawili kwa pamoja: namba 5, na maneno au alama ya mawimbi yanayoonyesha kwamba mtengenezaji amekiandaa chombo kwa maikrowevu.

Kwa kigezo cha mawimbi, basi, polipropilini iko bega kwa bega na kioo. Kwenye joto iko nyuma. Tatizo lake siyo maji, bali mafuta: ukipasha nyama ya kukaanga au mchuzi wa nyanya wenye mafuta mengi, utaona baada ya wiki chache kwamba ndani ya bakuli pamekuwa na mabaka yenye kukwaruza na rangi nyekundu isiyotoka kwa sabuni. Mafuta yaliyopita kiwango cha maji kuchemka yamekuwa yakiilegeza plastiki kidogo kidogo. Chombo kikishafika hapo, kitumike kuhifadhia vitu vikavu kama choroko na karanga.

Kwenye kigezo cha tatu mimi huchukua msimamo wa tahadhari. Joto, mafuta na muda huongeza kiasi cha kemikali kinachohama kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye chakula, na kiasi hicho hutegemea aina ya plastiki na uchakavu wake. Bakuli la namba 5 lililo jipya, likipasha wali na mboga za majani kwa dakika mbili, halinitii wasiwasi. Kopo la siagi au la aiskrimu ni jambo jingine hata likiwa na namba hiyohiyo, kwa maana lilitengenezwa kubeba kitu cha baridi, kuta zake ni nyembamba, na hujikunja likipata moto. Nailoni ya kufunikia ugali isiguse chakula ndani ya mashine. Gazeti la kufungia chapati na maandazi nalo lisiingie, kwa sababu ya wino na kwa sababu karatasi kavu inaweza kushika moto. Karatasi nyeupe isiyo na maandishi ikitumika kufunika kwa muda mfupi, na ukisimama hapo hapo, haina neno.

Safari ndiyo uwanja wa plastiki. Ni nyepesi, haivunjiki ikidondoka kwenye ngazi za basi, mtoto wa shule anaweza kuibeba, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayepanda vilima vya chuo kila siku atashukuru kwa kila gramu iliyopungua. Bei ya kuanzia ni ndogo. Hata hivyo bakuli linalobadilishwa kila mwaka huifikia bei ya kioo baada ya miaka michache, na hesabu hiyo hubadilika kulingana na aina ya chakula unachobeba.

Melamini

Sahani za melamini huuzwa sana kwa kuwa zinafanana na udongo, ni nyepesi na hazivunjiki haraka. Ndani ya maikrowevu hunyonya mawimbi, hupata moto zenyewe, na kadiri zinavyopata moto ndivyo zinavyoweza kuachia kemikali za melamini na fomaldehidi kwenye chakula, hasa kikiwa kichachu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri chakula kisipashwe humo. Kuitambua ni rahisi: igonge kwa kucha. Sahani ya udongo hulia kama kengele ndogo. Ya melamini hutoa mlio mzito uliokatika. Kwa kulia chakula kilichokwisha kupashwa kwingine, melamini inafaa na inawasaidia wenye watoto wadogo.

Bati, stelini na hotipoti

Metali huyarudisha mawimbi, na ndiyo sababu kuta za mashine yenyewe na wavu wa mlangoni ni vya metali. Chakula kilicho ndani ya sufuria ya kina hupata mawimbi kutoka juu peke yake, na pale penye ncha, mfano wa meno ya uma au mikunjo ya foili, nguvu ya umeme hujikusanya hadi cheche zikaruka. Bakuli la bati lililopakwa rangi ni metali pia, hata kama linaonekana kama udongo.

Hotipoti yenye stelini, yaani chuma kisichoshika kutu, ndani haiingii kwenye maikrowevu, lakini nisingependa iondolewe kwenye ulinganisho kwa sababu hiyo, kwa maana inajibu hitaji lilelile kwa njia nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60, au kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Hotipoti nzuri iliyopashwa kwanza kwa maji ya moto na kujazwa chakula kinachofuka huweza kufika mchana bila kuhitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba chakula cha jana lazima kipashwe upya jikoni asubuhi hadi kiwe moto kabisa, na ikijazwa nusu hupoa haraka.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa unasafiri kwa gari la ofisi au gari lako, na chakula chako kina mafuta, nyanya au nyama, bakuli la kioo lenye kifuniko cha vibano linakufaa. Lihamishie kwenye friji usiku, siyo kwenye friza, na ulipange liwe limepoteza baridi kidogo kabla ya kuliingiza.

Ukiwa unapanda daladala mbili au bodaboda, na mara nyingi unabeba wali, ugali na mboga zisizo na mafuta mengi, chukua plastiki ya namba 5 yenye alama ya maikrowevu. Siku ya nyama, acha sahani ya udongo ofisini na uhamishie chakula humo kabla ya kupasha. Watu wengi wanaona mpangilio huu wa vyombo viwili ni mwepesi kuliko kutafuta kimoja cha kufanya yote.

Ukipasha chakula nyumbani tu, sahani za udongo zilizopita jaribio la kikombe cha maji zinatosha, na hakuna haja ya kununua kitu kipya. Zifunike kwa sahani nyingine ya udongo ili mvuke ubaki ndani na chakula kipate moto sawasawa.

Ukiwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara au foleni ya mashine ni ndefu kuliko muda wa mapumziko, hotipoti itakusumbua kidogo kuliko vyote.

Ukimpashia mtoto mdogo uji au chakula kilichopondwa, tumia kioo au udongo. Chombo chochote utakachotumia, mawimbi hayafiki kila mahali kwa nguvu moja, hivyo koroga hadi chini, kiache kitulie kwa dakika moja, kisha uonje mwenyewe kabla ya kumpa.

Na ukiwa ofisini ukaazimwa bakuli usilolijua, lenye namba iliyofutika na lisilo na alama yoyote, omba kikombe cha maji, lifanyie jaribio la dakika moja, na kama ni la plastiki, pasha chakula chako kwenye sahani ya udongo iliyopo.